Maziwa Ghafi: Mchuuzi Afukuzwe au Afundishwe?

Swali moja limetufikia ofisini kutoka pande mbili, na kwa maneno yanayokaribiana. Wafadhili wetu wa Ulaya wanauliza: je, ni sawa sadaka za washarika wao zitumike kuanzisha vikundi vya ng'ombe wa maziwa, wakati sehemu kubwa ya maziwa hayo huuzwa mabichi kwa wachuuzi wa baiskeli na pikipiki? Kamati za sharika nazo zinauliza: maofisa wa afya wakikamata maziwa ya mchuuzi na kuyamwaga, je, kikundi kilichomwuzia nacho kina kosa? Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu mzizi wake ni mmoja.

Maziwa ghafi ni maziwa yaliyokamuliwa na kuuzwa bila kupashwa joto la kuua vimelea vya magonjwa. Kupasteurisha, njia iliyopewa jina la mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur, ni kuyapasha maziwa hadi nyuzi joto 63 za Selsiasi na kuyaweka katika joto hilo kwa dakika 30, au hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha kuyapoza haraka. Maziwa yanayochemshwa jikoni hadi yakapanda juu ya sufuria yamepita joto hilo kwa mbali. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa katika mjadala huu, na tutalirudia.

Katika Tanzania maziwa yanayopitia viwandani ni sehemu ndogo sana ya yote yanayokamuliwa, chini ya asilimia 10. Mengine hunywewa nyumbani, hupewa jirani, au huuzwa mabichi. Kwa hiyo tunapojadili maziwa ghafi tunajadili karibu soko lote la mkulima mdogo. Anayesema soko hilo lifungwe ni vema aseme pia ng'ombe aliyekopeshwa mama mjane mwaka jana atalipwa kwa fedha ipi.

Hatari ni ya kweli

Wapo wazee wanaosema wamekunywa maziwa mabichi tangu utoto na hawajaona ubaya wowote. Tunawaheshimu, lakini wale walioona ubaya hawapo barazani kusimulia. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1930, kifua kikuu cha ng'ombe kilichoambukizwa hasa kwa njia ya maziwa kilikadiriwa kuua watu wapatao 2,500 kila mwaka, wengi wao watoto. Ugonjwa huo upo pia katika mifugo yetu. Kwa binadamu mara nyingi hukaa nje ya mapafu, kwenye tezi za shingo, tumboni au kwenye mifupa, na kwa sababu hiyo huchelewa kutambuliwa.

Ugonjwa unaotusumbua zaidi sisi wafugaji ni brusela, ambao wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe hutupa mimba, kwa kawaida miezi ya mwisho, na vimelea hutoka kwa wingi katika kondo la nyuma, ndama aliyekufa na maziwa. Kwa binadamu huleta homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na kiuno, na uchovu usiokwisha. Dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya matumbo, hivyo mgonjwa anaweza kutibiwa magonjwa hayo kwa miezi kabla mtu hajafikiria kumwuliza kama nyumbani kuna ng'ombe. Tiba ya kweli huchukua wiki sita au zaidi kwa dawa mbili kwa pamoja, na anayeacha katikati ugonjwa humrudia.

Hayo yanatoka ndani ya ng'ombe. Mengine tunayaongeza wenyewe: kinyesi kwenye kiwele, mikono isiyonawiwa, maji ya mtoni ya kuoshea vyombo, na dumu la plastiki lililokuwa na mafuta ya kula. Dumu lina shingo nyembamba, mkono hauingii, na mikwaruzo ya ndani huhifadhi uchafu hata ukilisuuza mara tatu. Bakteria wakipata maziwa yenye uvuguvugu wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Kwa mwendo huo, mmoja aliyeingia saa kumi na mbili asubuhi amefikia zaidi ya 1,000 ifikapo saa tano. Ndiyo maana tunasisitiza maziwa yafike kituoni au kwa mnunuzi mapema, yasizidi saa tatu hivi tangu kukamuliwa.

Kuhusu mtindi, tuseme wazi. Kugandisha maziwa mabichi hakuyafanyi kuwa salama. Uchachu hupunguza baadhi ya vimelea, lakini vya brusela na kifua kikuu vinaweza kubaki hai ndani ya mtindi kwa siku kadhaa. Ndugu zetu Wamaasai hufukiza kibuyu kwa kijiti cha mzeituni mwitu kinachowaka moto. Harufu ni nzuri, ladha ni nzuri, na moshi husaidia kiasi kusafisha kibuyu. Hata hivyo maziwa yanayotiwa humo yachemshwe kwanza, yapozwe, ndipo yatiwe kimea cha mtindi.

Sheria za wenzetu zinasema nini?

Wafadhili wengi wanadhani katika nchi zao maziwa ghafi yamepigwa marufuku kabisa. Hali ina sura nyingi. Scotland ilipiga marufuku kuyauza kwa mlaji mwaka 1983, lakini jirani zao wa England bado wanaruhusu mkulima ayauze moja kwa moja kwa mlaji yakiwa na onyo kwenye chupa. Nchini Marekani serikali kuu ilikataza mwaka 1987 kuyasafirisha kwa mauzo kutoka jimbo moja hadi jingine, na ndani ya majimbo kila moja lina sheria yake. Mjadala ule ulipamba moto upya baada ya Machi 2024, mafua makali ya ndege yalipogunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa na virusi vyake vikakutwa katika maziwa mabichi. Kupasteurisha huviua.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Ujerumani, ambako baadhi ya marafiki zetu wanatoka. Mkulima anaruhusiwa kuuza maziwa ghafi hapo hapo shambani kwake, mradi aweke tangazo linalomwambia mnunuzi ayachemshe kabla ya kunywa. Sheria imeuona ukweli kwamba hatua ya mwisho ya usalama iko jikoni kwa mnunuzi. Uswidi nayo humruhusu mkulima kuuza kiasi kidogo shambani, kisichozidi lita 70 kwa wiki.

Lakini tusizichukue sheria hizo kama zilivyo na kuzibandika hapa. Mjerumani anapozuia maziwa ghafi yasiingie dukani, duka lile limejaa maziwa ya kiwandani kwa bei ambayo hata mfanyakazi wa kawaida anaimudu, na kila nyumba ina jokofu. Kwetu, maziwa ya pakiti ni ghali kuliko ya mchuuzi. Ukimwondoa mchuuzi, mama wa mjini hatahamia kwenye pakiti; watoto wake watakunywa chai ya rangi.

Yaliyotokea Kenya

Nchi jirani ya Kenya iliupitia mgogoro huu kabla yetu, na tunaweza kujifunza bila kulipa karo. Kwa miaka mingi shirika la KCC ndilo lililoshika soko la maziwa mijini. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, na KCC yenyewe ikayumba baadaye katika muongo huo, wachuuzi waliziba pengo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ghafi. Sheria lakini ilibaki ya zamani, ikimhesabu mchuuzi wa mjini kuwa mhalifu. Alikamatwa, maziwa yakamwagwa, akatozwa faini au akatoa kitu kidogo ili aendelee na safari.

Matokeo yake yanastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu anayeweza kunyang'anywa mzigo wakati wowote hanunui chombo cha alumini cha bei kubwa. Hununua dumu la plastiki, jepesi, rahisi kuficha, na lisilouma sana likichukuliwa. Hupita njia za panya, hivyo maziwa hukaa juani muda mrefu zaidi. Hasajiliwi popote, hivyo hakuna anayemfundisha wala anayempima. Marufuku iliyowekwa kwa ajili ya usafi ikawa chanzo kimojawapo cha uchafu.

Mradi wa utafiti kuhusu wafugaji wadogo, ulioendeshwa kati ya 1997 na 2005 na wizara ya mifugo ya Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI na kituo cha kimataifa cha mifugo ILRI, ulipima jambo hili badala ya kubishana. Ulikuta kwamba karibu kaya zote za mijini huchemsha maziwa kabla ya kuyatumia, hasa kwa sababu huwekwa kwenye chai. Ulikuta pia kwamba hata maziwa ya pakiti dukani mara nyingi yalishindwa kufikia kiwango cha bakteria kinachotakiwa, kwa kuwa yalipoteza ubaridi njiani na rafuni. Mwaka 2003 wasindikaji wakubwa walifanya kampeni ya kuwatahadharisha wananchi dhidi ya maziwa ya wachuuzi. Watafiti na mashirika ya kiraia walijibu kwa takwimu, na kuanzia 2004 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilianza kuwapa leseni wachuuzi wadogo waliopata mafunzo na kutumia vyombo vya chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba mabadiliko hayo yaliuletea uchumi wa Kenya faida ya takriban dola milioni 33 kwa mwaka, ikigawanyika kwa wafugaji, wachuuzi na walaji.

Suala hilo halikuishia hapo. Mwaka 2019 rasimu ya kanuni mpya za maziwa ilizua kelele kubwa Kenya, wafugaji wakihofia kurudishwa enzi za marufuku. Rwanda imechagua njia nyingine: amri ya waziri ya mwaka 2016 iliweka masharti ya ukusanyaji, usafirishaji na uuzaji wa maziwa, ikiyaelekeza kupitia vituo vya kukusanyia vyenye matangi ya kupozea. Njia hiyo inahitaji vituo vingi, umeme wa uhakika na serikali inayofuatilia hadi kijijini. Mahali vilipo vitu hivyo, ni njia nzuri.

Kwa upande wetu, Sheria ya Tasnia ya Maziwa Na. 8 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa na kuwataka wadau, yaani wazalishaji, wasindikaji na wafanyabiashara, wasajiliwe. Usalama wa chakula ulikuwa chini ya TFDA hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha maziwa ghafi ya ng'ombe, EAS 67, kinachoyapanga kwa madaraja kufuatana na wingi wa bakteria: daraja la kwanza ni chini ya 200,000 kwa mililita moja. Aidha, mradi wa Maziwa Zaidi ulijaribu mafunzo ya wachuuzi katika mikoa ya Morogoro na Tanga katika muongo wa 2010. Kwa hiyo jibu letu kwa kamati ni hili: kikundi kisichosajiliwa kinachomwuzia mchuuzi asiyesajiliwa kinajiweka mahali pabaya wote wawili wakikamatwa. Kisajiliwe kwanza, na afisa mifugo wa halmashauri aulizwe masharti ya sasa ya kuuza maziwa ghafi katika eneo husika, kwa maandishi.

Maziwa ya jioni

Kuna jambo ambalo halionekani katika ripoti. Vituo vingi vya kukusanyia hupokea maziwa asubuhi tu. Maziwa ya asubuhi huandikwa kwenye kitabu kwa jina la mwenye mji, na malipo hutoka mwisho wa mwezi kwa jina hilo hilo. Ya jioni hubaki nyumbani mikononi mwa mama. Yeye ndiye anayeamua lita ngapi ni za watoto na ngapi ni za mchuuzi anayepita na fedha taslimu. Fedha hizo ndizo zinazonunua chumvi, mafuta ya taa na daftari. Kamati inapoamua kwamba maziwa yote lazima yapelekwe kituoni, imeamua pia, pengine bila kukusudia, kuhamisha mkoba wa mama. Tunaomba uamuzi wa namna hiyo usipitishwe katika kikao chenye wanaume watupu.

Baadhi ya wafadhili wamependekeza tujenge kiwanda kidogo cha kusindika ili tuachane kabisa na maziwa ghafi. Tunashukuru kwa moyo huo. Lakini viwanda vidogo vingi nchini hufanya kazi chini sana ya uwezo wake, kwa sababu maziwa hupungua kiangazi, umeme hukatika, vifungashio ni ghali na mnunuzi hana jokofu. Kiwanda kinachosubiri lita 1,000 na kupata 200 hula mtaji hadi kukwisha, na jengo hubaki kuwa stoo ya viti vya usharika. Mahali ambapo lita zinatosha mwaka mzima na barabara inapitika tutalizungumza kwa furaha. Kwingineko, kwa fedha hizo hizo vyombo vya alumini vingeweza kufika kwa vikundi vyote vya jimbo zima, na masalio yakabaki.

Yale ambayo moto hauyaondoi

Kwa kuwa Watanzania wengi huchemsha maziwa, wako wanaofikiri hoja imekwisha. Haijakwisha. Kuchemsha huua vimelea; hakuondoi dawa wala sumu.

Ng'ombe aliyechomwa oksitetrasaiklini au penisilini hutoa dawa hiyo katika maziwa kwa siku kadhaa. Idadi ya siku za kungoja imeandikwa kwenye lebo ya chupa, na inatofautiana kwa kila dawa. Mfugaji anayeuza ndani ya siku hizo anamnywesha mtoto wa mwenzake dawa kidogo kidogo, na vimelea vya mwilini hujifunza kuizoea. Watengenezaji wa mtindi hulijua tatizo hili kwa njia yao: maziwa yenye dawa hukataa kuganda, na kimea cha ndoo nzima kinapotea. Kikundi kinachogandisha mtindi kwa hiyo kina sababu ya mfukoni ya kukagua daftari la matibabu la kila mwanachama.

Sumukuvu ndiyo inayotisha zaidi, kwa sababu haionekani. Hutokana na ukungu katika mahindi, pumba na mashudu yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ng'ombe akilishwa chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa, na hakuna sufuria inayoiondoa. Mahindi yaliyokataliwa na mama jikoni kwa sababu ya ukungu yasipelekwe bandani, hata kama roho inauma kuyatupa.

Aidha, kuchemsha humlinda mnywaji lakini hakumlindi mfugaji. Anayevuta ndama aliyekufa kwa mikono mitupu anaweza kupata brusela hata kama hajawahi kuonja maziwa mabichi maishani. Glovu, au hata mifuko safi ya plastiki mikononi, na shimo refu la kufukia kondo la nyuma, ni sehemu ya mjadala wa maziwa salama.

Mafunzo ya siku mbili tunayoyatoa kwa wanakikundi pamoja na wachuuzi wanaonunua kwao yanalenga mambo haya. Kila anayehitimu anajua kukamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone mabonge ya ugonjwa wa kiwele. Kutumia laktomita, ambayo kwa maziwa yasiyotiwa maji husoma kwa kawaida kati ya 1.028 na 1.032 yakiwa na nyuzi joto 20. Na kupima kwa spiriti, yaani kuchanganya maziwa na spiriti ya asilimia 70 kwa vipimo sawa na kutazama kama yanakatika. Vipimo hivi havigundui brusela. Hugundua maji, uchachu na uzembe, na mchuuzi anayejua kwamba atapimwa mlangoni hubadilika haraka kuliko aliyehubiriwa. Tumeona pia kwamba mafunzo bila faida hayadumu: mchuuzi asiyepata bei nzuri zaidi, cheti cha kuonyesha njiani, au mkopo wa chombo, hurudia dumu lake baada ya miezi michache.

Sharika zinazohitaji mafunzo ya robo mwaka ijayo zilete maombi kwa mratibu wa jimbo, zikitaja idadi ya ng'ombe wanaokamuliwa, lita za asubuhi na za jioni kwa kutenganisha, na majina ya wachuuzi wanaonunua. Maombi yasiyo na mchuuzi hata mmoja yatarudishwa yakajazwe. Vyombo vya lita 20 vitatolewa kwa mkopo usio na riba, na mwenye chombo atatakiwa kukileta kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu, kikiwa na mfuniko wake.